Kiko cha babu: uchambuzi wa kisa cha mgeni katika baraza la wavuta kiko Mombasa

Kwa nini kisa hiki kimeandikwa

Kijana mmoja alikuja kwenye baraza la wavuta kiko hapa Mombasa, akapokewa kwa mikono miwili, na kabla ya magharibi akaondoka akiwa hataki tena kuwaona waliompokea. Hakutukanwa wala hakudharauliwa. Alipewa kiti kizuri, tumbaku ya bure na maelekezo mengi kuliko alivyoweza kuyabeba. Nimekiandika kisa hiki kwa sababu vikundi vingi vya watu wanaopenda jambo moja, wawe wafuga njiwa, wacheza bao au watunga mashairi, humpoteza mgeni kwa njia hii hii, kisha husema kwamba hakuwa na hamu.

Majina, mtaa, miezi na baadhi ya kazi za watu vimeondolewa au kubadilishwa. Mimi ni mmoja wa wanabaraza. Siku ya kwanza sikuwepo, na habari zake nimezipata kwa waliokuwepo, akiwemo mgeni mwenyewe, ambaye ameyasoma maandishi haya na kuyaridhia.

Baraza lenyewe

Ni watu wachache, wengi wao wameshavuka miaka hamsini. Yumo baharia mstaafu, yumo mwalimu, yumo fundi wa saa, wamo waliozeekea kwenye kazi za bandari ya Kilindini. Hukutana Jumamosi alasiri katika ua wa nyumba ya mmoja wao kisiwani, ambaye nitamwita mwenyeji. Kahawa tungu huwa tayari, na mara nyingi mahamri pia. Zamani baadhi yao walizoea kukaa upande wa bahari, Mama Ngina, lakini sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2007 ilikataza kuvuta mahali pa umma isipokuwa sehemu zilizotengwa, nao wakaona heshima ni kukaa uani kwao.

Baraza halitafuti watu. Anayekuja huja kwa kuletwa na mtu, na sharti awe mtu mzima. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani nampigia debe tumbaku. Kiko kina madhara ya kweli: hata asiyeuvuta moshi hadi kifuani huiweka midomo, ulimi na koo lake katika hatari ya saratani, na nikotini ikishamzoea mtu haimwachi kwa urahisi. Waliomo barazani wanalijua hilo. Wengine walianza ujanani na hawakuacha, na kinachowakutanisha sasa ni mazungumzo kuliko moshi.

Kisa hiki hakieleweki bila kujua jambo moja kuhusu viko vyenyewe. Viko vingi barazani ni vya braya, kifundo kigumu kinachoota mzizini mwa kichaka cha pwani za Mediterania, ambacho mafundi wa Saint-Claude, Ufaransa, walianza kukichongea viko katikati ya karne ya 19. Kiko cha braya hutaka ukoko, yaani tabaka la mkaa linalojijenga ndani ya bakuli, pale panapojazwa tumbaku, kadiri kinavyovutwa. Ukoko huukinga mti usiungue. Lakini unatakiwa uwe mwembamba, kama milimita moja hivi, kwa sababu ukizidi hutanuka kwa joto na unaweza kulipasua bakuli. Ndiyo maana mwenye kiko cha braya huukwangua mara kwa mara, akaubakisha kidogo.

Mershamu ni jambo jingine. Hili ni jiwe jeupe, jepesi, lenye vinyweleo, linalofyonza unyevu na mafuta ya tumbaku. Linalosifika zaidi duniani hutoka Eskişehir, Uturuki, lakini Afrika Mashariki tunalo letu, la eneo la Amboseli na Sinya, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation ya Arusha ililitumia kutengenezea viko vilivyouzwa kwa jina la Kiko. Jiwe la kwetu ni zito na gumu kidogo kuliko la Uturuki, na viko vyake vingi vilitiwa rangi au kuvishwa ngozi. Mershamu haihitaji ukoko. Kanuni yake ni kupangusa bakuli kila baada ya kuvuta, lisishike mkaa kabisa.

Mgeni na alichokuja nacho

Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, anayeishi ng'ambo ya Likoni. Aliletwa na mpwa wa mmoja wa wazee, kwa ujumbe mfupi wa simu: ana kiko cha babu yake, anataka kujifunza. Baraza halikujua zaidi ya hapo, wala hakuna aliyeuliza.

Yaliyokuwa nyuma ya ujumbe huo yalijulikana baadaye. Babu alifariki kijana akiwa mdogo. Kiko chake kikakaa miaka yote ndani ya mkebe wa biskuti, kabatini mwa bibi. Bibi naye alipofariki, jamaa wakagawana vyombo, na kiko kikakosa mwenyewe. Kijana ndiye aliyekiomba. Hakuwa amewahi kuvuta hata sigara. Mamake hakupenda kitu hicho kiingie nyumbani. Lakini kijana alikuwa na tabia moja ambayo hakumwambia mtu: kila alipoufungua ule mkebe aliliweka bakuli puani, akanusa. Miaka ishirini na zaidi, harufu ilikuwa bado imo.

Mimi nimekishika kiko hicho, kwa ruhusa yake. Kimevishwa ngozi ya kahawia iliyoshonwa kwa uzi mnene, na mshono umeachia upande mmoja. Kimepigwa mhuri wenye jina la Tanganyika. Mdomo wake una mashimo mawili ya meno upande wa kushoto, juu na chini, ya mtu aliyezoea kukining'iniza kinywani huku mikono ikifanya kazi nyingine. Siku kilipoletwa barazani, ukoko ulikuwa umejaa bakulini hata kidole kidogo hakiingii. Babu alikivuta kama watu wanavyovuta braya, na pengine hakuna aliyewahi kumwambia vingine.

Jumamosi ya kwanza

Kijana alivuka na feri akitokea kazini moja kwa moja, hajala tangu asubuhi. Akaamkia wote kwa mkono, shikamoo kwa kila mzee, akakalishwa katikati. Wote wananiambia furaha ilikuwa ya kweli. Muda mrefu ulikuwa umepita bila uso mpya, na huyu alikuja na kitu cha kuonyesha.

Mwalimu ndiye aliyeanza. Akamweleza namna ya kujaza bakuli kwa tabaka tatu, ya kwanza kwa mkono wa mtoto, ya pili kwa mkono wa mama, ya tatu kwa mkono wa baba. Kabla hajamaliza, mwingine akasema hayo ni ya vitabuni, tumbaku huachwa ianguke yenyewe kisha ikashindiliwa kidogo juu. Wa tatu akaingia na habari za kuwasha: kiberiti cha kwanza ni cha kuiamsha tumbaku tu, maana huvimba na kuinuka, kisha unashindilia, ndipo unawasha cha pili cha kuvutia. Yote hayo ni sahihi kwa namna yake. Kijana alikuwa akigeuza shingo huku na huku akiitikia "naam, mzee" kwa kila mmoja.

Wakati huo fundi wa saa alikuwa amekiomba kile kiko. "Hebu nikitazame, mwanangu." Akakigeuza, akaona mhuri, akawatangazia wenzake kwa shangwe kwamba hiyo ni mershamu ya Arusha, siyo braya. Akatazama ndani. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama fundi anavyofanya akiona saa nzuri iliyoingia maji. Akatoa kisu chake cha kukunja, akalilaza bakuli juu ya kisahani cha jivu, akaanza kukwangua. Mkono wake ni mwepesi na wa hakika. Ukoko ukatoka vipande vipande, vingine vikubwa kama kucha, vyeusi, vinang'aa upande uliokuwa umegusana na jiwe. Alipomaliza akapangusa kwa kitambaa, akapuliza, akamrudishia mwenyewe huku akitabasamu: "Sasa kimezaliwa upya." Kisahani kikamwagwa kwenye ndoo ya taka.

Kijana akasema asante. Waliokuwepo wanakumbuka alisema asante tu, akakitia kiko mkebeni na kuufunga.

Baharia akaona kimya hicho ni haya ya ugeni. Akampa kiko chake kimoja cha akiba, akakijaza kwa tumbaku anayoipenda mwenyewe, ile nyeusi ya msokoto inayokatwa kwa kisu. Ni tumbaku kali, hata wanabaraza wengine huiogopa. Tena ulikuwa msimu wa masika, na hewa ya Mombasa wakati huo huirudishia tumbaku unyevu usiotakiwa. Tumbaku mbichi haishiki moto vizuri, huzimika kila mara, na moshi wake huja na mvuke unaouunguza ulimi. Kijana akawa anavuta kwa nguvu na kwa haraka ili kisizimike, mvuto juu ya mvuto. Moshi wa tumbaku kali za namna hiyo hupitisha nikotini kwenye ngozi ya kinywa hata usipomeza, na tumbo likiwa tupu kishindo chake ni kikubwa zaidi. Jasho likamtoka, rangi ikamwondoka, akainuka kuelekea kwenye mtaro wa ua na kutapika.

Wakamtunza. Chai yenye sukari nyingi, kipande cha halua, maji ya kunawa uso. Wawili walicheka, wakamwambia kwamba kila mmoja wao alipitia hapo. Akapumzika, akaaga kwa adabu, akaondoka. Barazani wakabaki wakiamini siku imekwenda vyema.

Wiki za kimya

Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ya baada yake. Ujumbe wa salamu ulijibiwa "niko salama, nashukuru". Baraza likaanza kutoa maelezo. Kijana ameogopa tumbaku. Vijana wa siku hizi hawana subira. Pengine mamake amemkataza. Kila maelezo yalimweka kijana kwenye kosa, na hakuna hata moja lililokuwa kweli.

Aliyeleta mwanga ni mke wa mwenyeji. Siku ile alikuwa mlango wa jikoni akipanga mahamri kwenye sinia, na kijana alipokwisha kuaga alimwona akirudi hatua mbili, akainama juu ya ndoo ya taka, akachukua kitu kwa vidole na kukifunga kwenye leso. Akadhani ameangusha ufunguo. Wiki za kimya zilipozidi, akamwuliza mumewe: "Yule mtoto aliokota nini pale?" Mwenyeji akakumbuka ni nini kilichokuwa kimemwagwa ndani ya ndoo ile, akaelewa.

Maamuzi na sababu zake

Mwenyeji alifikiria kwanza kuandika ujumbe wa kuomba radhi. Akaacha, kwa hoja ambayo naiona ya maana: ujumbe ungemtaka kijana ajibu "hamna neno, ami", naye angelijibu hivyo kwa adabu, na jambo likafungwa bila kufunguliwa. Akaamua kwenda mwenyewe, akiwa peke yake. Kama wangekwenda wazee watatu kwa kijana mmoja, ingelikuwa shauri la ukoo.

Akavuka Likoni, akamkuta kijana kazini wakati wa mapumziko ya mchana, wakakaa kwenye benchi. Hakuanza na radhi, wala hakutaja kiko. Akamwuliza, "Babu yako alikuwa akivutia wapi?"

Kijana akasema: barazani kwake, jioni, kiti kikitazama njia. Akaendelea. Akaeleza alivyokuwa akitumwa kuleta kiberiti, alivyoruhusiwa kukizima kijiti kwa kupuliza, kikohozi cha babu kilichowajulisha wapita njia kwamba mzee yupo. Akaeleza mkebe na harufu. Mwisho akasema alikuwa ametaka mtu amwonyeshe babu yake alikuwa akifanya nini hasa kila jioni na kile kitu mkononi. Kuvuta kwenyewe hakukuwa shabaha yake. Ndipo mwenyeji akamwomba radhi, naye akaipokea.

Uamuzi wa pili ulihusu fundi wa saa, na huu uligawanya watu. Wengine walitaka aende akaombe msamaha. Fundi alikataa, na hoja yake haikuwa ya kiburi. Ukoko mnene kiasi kile ndani ya mershamu ni hatari. Siku kijana angekiwasha, jiwe lingeweza kupasuka, na hapo angekosa harufu na kiko vyote viwili. Alichofanya ndicho ambacho fundi yeyote angefanya. Mwenyeji hakumlazimisha. Alimsimulia yote aliyoyasikia kwenye lile benchi, bila kuongeza neno, akamwachia. Fundi hakuonekana barazani kwa Jumamosi kadhaa.

La tatu lilikuwa jinsi ya kumpokea kijana akirudi. Wakakubaliana kwamba mgeni awe na mtu mmoja tu wa kumwelekeza, na wengine wasimfundishe mpaka aulize. Kiko cha mtu kisishikwe bila idhini, na kisisafishwe hata kwa idhini mpaka mwenyewe aelezwe kitakachoondoka. Asilazimike kuwasha chochote. Madhara ya tumbaku aambiwe wazi, mapema, na mtu anayevuta. Hili la mwisho lilipendekezwa na baharia mwenyewe, ambaye tangu tukio lile amekuwa mkali kuliko wote kuhusu tumbaku anayopewa mgeni.

Kurudi

Kijana alirudi. Siku hiyo hakuvuta. Alikaa karibu na mwenyeji, akanywa kahawa, akaelezwa saratani ya kinywa kwa maneno yasiyopambwa, akasikiliza kisa cha baharia na dhoruba. Wazee walijizuia kumwelekeza, na wengine ilionekana jinsi walivyoteseka.

Mara nyingine mwenyeji akawaomba wenzake walete kila mmoja tumbaku yake kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, siyo kwa kuvuta bali kwa kunusa. Huu, kwa maoni yangu, ndio ulikuwa ukaribisho wa kweli. Chupa zikapangwa kwenye sinia. Virginia, inayonuka kama majani makavu yaliyolala juani. Burley, yenye harufu ya karanga. Latakia ya Saiprasi, ambayo majani yake hukaushwa kwa moshi wa kuni, na ukiifungua unadhani kuna mtu anachoma kitu jirani. Kijana akanusa moja moja. Kwenye Latakia akakaa. Akairudia. "Iko karibu," akasema, "lakini siyo yenyewe." Hapo akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akaifungua, na ndani mlikuwa na vipande vya ule ukoko alivyookota. Akawapitishia. Kila mzee akanusa kwa zamu, na mabishano ya kupendeza yakazuka kuhusu kilichomo: mwalimu akishikilia kwamba kuna Latakia iliyochanganywa na majani ya Mashariki, yaani tumbaku ya Uturuki na jirani zake, baharia akisema hapana, kuna kitu kitamu humu. Hawakufikia mwafaka. Kijana alikuwa akiwatazama watu wazima wakimjadili babu yake kama mtu aliye hai.

Fundi wa saa alirudi jioni hiyo hiyo, kwa bahati au kwa kuambiwa, sikuuliza. Alikuwa na kichupa kidogo cha kioo chenye kifuniko cha kusokota, vile wanavyowekea skrubu za saa. Akamwambia kijana, "Nilikisafisha kiko chako kabla sijakujua wewe. Weka humu, kwenye karatasi itaisha." Kijana akavimimina vipande ndani ya kichupa mbele yake.

Baada ya hapo ndipo alipoomba kujaribu kuvuta. Mwenyeji alimpa kiko cha gunzi la hindi, cha bei nafuu, kisichohitaji kujengewa chochote. Alihakikisha kwanza kijana amekula. Tumbaku ilikuwa laini, ya Virginia na Burley, aliyoitandaza kwenye karatasi juu ya sinia tangu mchana hadi ikawa ukiibana kwa vidole haigandi. Akajaza nusu bakuli. Akamwambia neno moja tu la ufundi: vuta polepole hata ukidhani kimezimika, na kikizimika kiache. Kilizimika mara nyingi. Hakutapika.

Hali ilivyo sasa

Zaidi ya mwaka umepita. Kijana huja mara moja kwa mwezi hivi, na mara nyingi havuti. Kiko cha babu hakijawashwa. Fundi ameushona upya ule mshono wa ngozi, kwa ombi la kijana. Mamake bado hapendi, na hakuna mwanabaraza aliyejaribu kumgeuza nia, jambo ambalo nalisifu. Kijana ameanzisha daftari analoandika habari za kila kiko cha kila mzee: kilitoka wapi, nani alikitoa, kimepita mikono ya nani, pamoja na picha. Wawili kati ya wazee hao wameshafariki tangu aanze, na kurasa zao zimekwisha andikwa.

Uchambuzi

Kosa la kwanza lilifanyika kabla kijana hajavuka feri. "Anataka kujifunza" lilisomwa kama ombi la ufundi, na baraza lililojaa mafundi halikuwa na sababu ya kulisoma vingine. Swali moja kwa mpwa aliyemleta lingetosha: kiko hicho amekipataje? Anayekuja na kitu cha marehemu mkononi ameshajieleza nusu, na aliyempokea alitakiwa aulize nusu iliyobaki.

La kukwangua nalitazama kwa uzito zaidi kuliko la kutapika, ingawa barazani wengi hufikiri kinyume. Kutapika kuliumiza mwili kwa saa moja. Na ni jambo rahisi kulizuia: mgeni ale kwanza, apewe tumbaku nyepesi iliyokauka, nusu bakuli, na asiharakishwe. Yeyote aliyevuta kiko anayajua hayo, na waliokuwepo wote waliyajua. Shauku ya kugawa kizuri walichonacho ndiyo iliyowasahaulisha. Kukwangua ni tofauti, kwa sababu aliyekwangua alikuwa sahihi. Angekuwa amekosea, ingelikuwa rahisi kumrekebisha, na pengine kijana mwenyewe angepata ujasiri wa kumzuia. Lakini mgeni asiyejua kitu atamzuia vipi mjuzi anayemfanyia hisani? Alichobakiwa nacho ni kusema asante. Kadiri mwenyeji anavyojua zaidi ndivyo mgeni anavyokosa mahali pa kusema "subiri", na kwa hiyo anayejua ndiye anayepaswa kusubiri bila kuombwa. Fundi alikuwa na njia iliyo wazi kabisa: kueleza hatari, kusema kitakachopotea, na kukirudisha kiko mkononi mwa mwenyewe. Jiwe lililokaa na ukoko miaka ishirini na zaidi lingeweza kukaa wiki nyingine.

Kicheko nacho nakihesabu, ijapokuwa kilikuwa cha upendo. "Sote tulipitia" hutamkwa kumfariji mgeni, lakini humwambia pia kwamba alichokipata ni ada ya kuingilia. Huyu hakuwa ameomba kuingia popote.

Kuhusu tafsiri ya kimya, nitasema kwa ufupi: baraza lilikuwa na maelezo matatu na halikuwa na taarifa hata moja. Aliyekuwa nayo alikuwa jikoni, na hakuna aliyefikiria kumwuliza.

Kilichofaa kuliko vyote ni lile swali la kwenye benchi. Lilimhusu babu, siyo kijana, kwa hiyo halikumtaka ajitetee. Liliuliza mahali, siyo hisia, na mahali mtu hupaeleza bila kujikaza. Kama mwenyeji angeuliza "ulikasirika?", angejibiwa hapana. Uamuzi wa kwenda mwenyewe nao ulifaa, japo nasita kuugeuza kanuni. Kuna wageni ambao kuwafuata kazini kwao kungewaudhi zaidi, na mwenyeji alimsoma huyu vizuri.

Kumwacha fundi bila kumlazimisha kulikuwa na gharama. Kwa wiki kadhaa baraza lilikuwa na pengo, na kama asingerudi, lingekuwa limempata mgeni na kumpoteza mzee. Hata hivyo naamini msamaha wa kusukumwa usingezaa kile kichupa.

Mpango wa mtu mmoja kumwelekeza mgeni umefaulu nusu. Umezuia kelele. Lakini umewafanya wazee wengine wakae kama wageni kwenye ua waliouzoea, na kijana mwenyewe alituambia baadaye kwamba mara ya pili aliona wamenuna. Sasa wamelegeza: wanaruhusiwa kusimulia watakavyo, kisichoruhusiwa ni kuelekeza. Kuna pia karatasi ya maelekezo ambayo mwalimu aliiandaa kwa wanaoanza, kurasa kadhaa kwa mwandiko safi, namna ya kujaza, kuwasha, kupangusa. Hakuna mgeni aliyeisoma mpaka mwisho.

Na swali lile zuri limeshaonyesha mpaka wake. Miezi michache iliyopita alikuja mgeni mwingine, mtu wa makamo, aliyetaka kujua kuvuta kiko kwa sababu anakipenda kwa macho. Hakuwa na babu wala mkebe. Wazee, wakiwa na funzo la kijana mioyoni, walimwuliza kwa upole kiko kina maana gani kwake, kisha wakamwuliza tena kwa njia nyingine, hadi akasema kwa mshangao kwamba yeye alidhani ataonyeshwa jinsi ya kukishika. Mwalimu akamwonyesha. Barazani bado wanabishana ni kwa ishara gani mgeni wa namna hii atatambuliwa mlangoni, na kijana, ambaye siku hizi ana sauti katika mabishano hayo, anasema jibu ni kumtazama anavyokishika kile alichokuja nacho.